Karatasi za Ijumaa

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, polisi mmoja alimfikisha Mama Mauwa kwenye baraza ya mahakama, kwa miguu, kutoka buloko, yaani gerezani. Ilikuwa siku yake ya arobaini na saba huko. Wakili Katende alimsogezea nafasi kwenye benchi. Kwa miaka kumi na sita alikuwa ametetea makampuni ya Kamina na makarani wao katika kesi za wizi wa kazini, na mara nyingi aliyelala ndani alikuwa karani.

Mauwa alitunza depo, ghala la kampuni ya usafirishaji karibu na stesheni. Mifuko mia nne ya saruji ilitoka pale bila kumfikia mteja yeyote. Bon saba, karatasi za kutolea mizigo, zilikuwa na sahihi yake.

Katende alifungua kitabu cha bon magotini. Mauwa alipotoa mizigo mwenyewe, aliweka karboni, na idadi pamoja na sahihi vilishuka kwenye nakala kwa buluu iliyofifia. Katika nakala saba, idadi ilikuwa ya karboni. Sahihi ilikuwa ya kalamu, iliyowekwa bila karboni.

"Hizi ulisaini kwanza, karatasi ikiwa mweupe. Nambari iliingia kisha."

Mauwa alieleza huku akitazama ukuta. Treni ya mizigo haikuwa na saa maalumu. Kila Ijumaa Direkta Kapenda, mkuu wake wa kazi, alimwambia asaini bon chache aende zake kwenye kwaya. Treni ikifika, Direkta mwenyewe angejaza idadi.

"Myaka makumi mbili ku depo, Maître. Bakisikia vile, batasema mama ya depo iko mujinga."

"Mujinga anarudia ku nyumba. Mwizi njo anabakia ku buloko."

Mauwa alicheka kwa pua. "Weye, baba, hauna huruma."

"Iliisha zamani, mama."

Saa tano alisimama mbele ya hakimu. Kapenda alikuwa safu ya mbele, amevaa suti ya kijivu.

"Nilisaini karatasi mweupe," Mauwa alisema, na sauti ikafika mlangoni. "Kila Ijumaa. Direkta njo alikuwa anajaza."

Mtu alicheka nyuma. Hakimu alipeleka kitabu dirishani, akageuza nakala moja moja.

"Huyu mama miye namuheshimia sana," Kapenda alianza.

"Sijakuuliza bado," hakimu alisema.

Nakala hazikusema saruji ilienda wapi. Zilisema tu kwamba sahihi na idadi havikuandikwa pamoja. Saa nane kasoro kumi, hakimu aliamuru Mauwa aachiwe wakati kesi ikiendelea, na Kapenda asikilizwe Jumanne.

Nje, Mauwa alifunga upya kitenge chake.

"Kesho niende ku kazi?"

Katende alitoa kwenye faili barua ya kampuni ya kumwachisha Mauwa kazi, iliyomfikia yeye wakili siku mbili kabla. Mauwa aliisoma mpaka mwisho, midomo ikitembea, akaikunja mara nne. Kisha akavuka reli kuelekea nyumbani.