Kadi Moja, Watu Watano

Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili, watu watano na kadi moja ya matibabu. Kadi ilikuwa ya Shemeji, mume wa dada yangu, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyeajiriwa rasmi tangu tuhamie nchi hii: alipiga pasi mashuka ya hoteli. Sisi wengine tulikuwa bado tunasubiri karatasi zetu za ukaazi, na miili yetu ilikataa kusubiri.

Wahenga wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi hatukuficha. Tulimbebesha Shemeji.

Kila alipokuwa na miadi ya daktari, jioni ya kuamkia siku hiyo tulimkalisha mezani. Shangazi yake alianza, kwa haki ya umri.

"Mwanangu, usiseme goti linauma tu. Sema ukipanda ngazi linalia kama mlango."

Binamu, ambaye alikuwa kibarua wa kupakua makontena, alitoa mgongo wake. Dada alitoa tumbo. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilimwambia aseme kwamba halali usiku, na kwamba akiosha vyombo machozi yanamtoka bila sababu.

"Mimi nioshe vyombo?" akauliza.

"Wewe sema tu," Dada akamjibu. "Hakuna atakayekuja kukuona."

Kisha tulishikana mikono tukaomba. Hatukuomba uponyaji. Tulimwomba Mungu wa kweli amsaidie Shemeji kukumbuka uongo wote kwa mpangilio.

Mambo yakaenda. Vidonge vilikuja, tukagawana kama karanga. Hakuna aliyemuuliza Shemeji anaendeleaje; mtu mwenye daktari wake ataumwaje? Alipounguza shuka la kwanza tulicheka. La pili hatukucheka. Msimamizi wake akamwambia akiunguza la tatu aende nalo nyumbani na asirudi. Hapo ndipo tuliposhtuka. Akifukuzwa, na kadi inakufa.

"Unasinzia kwenye pasi?" Shangazi akamuuliza.

"Silali usiku, Shangazi."

"Hiyo ni ya shemeji yako. Usichanganye."

Miadi iliyofuata alikwenda na maradhi yaleyale. Alirudi na karatasi moja, bila kidonge hata kimoja. Tukamzunguka.

"Daktari amesema picha ya goti imetoka, na ni goti la mchezaji wa mpira. Mgongo mzima. Tumbo halina kitu."

"Ametugundua?" Binamu akauliza.

"Sijui. Aliacha kuandika, akaniangalia. Akasema hilo la kutolala ndilo peke yake analoliamini, maana analiona machoni. Akaniuliza lilianza lini. Nikajikuta nalia, na hapakuwa na vyombo."

Dada aliisoma karatasi. Shemeji alikuwa amepangiwa mshauri, mtu wa kuzungumza naye tu, kila Alhamisi, saa nzima.

"Saa nzima?" Shangazi akavuta kiti. "Yule daktari alikuwa anatupa dakika kumi. Hapa tutaenea wote. Andika, mwanangu."

Binamu alishaanza kutafuta kalamu. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa napiga hesabu ya dakika zangu: kumi na mbili, na Shemeji akiacha zake, kumi na tano.

Shemeji aliichukua karatasi akaikunja.

"Saa hii ni yangu," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

"Umeanza uchoyo," Shangazi akasema. "Nchi za watu hizi."

Alhamisi akaenda, bila maradhi yetu na bila maombi yetu. Alirudi saa kumi na moja jioni, akatukuta sote mezani.

"Haya, umezungumza nini huko?" Shangazi akauliza.

"Nimewazungumzia nyinyi."

"Saa nzima?"

"Haikutosha. Nimeongezewa na Jumanne."

Akavua viatu, akaingia chumbani. Dada alikuwa bado anaviokota viatu tuliposikia mkoromo. Tukaanza kunyata na kunong'ona. Binamu akazima redio, na Shangazi akamkemea kwa kuizima kwa kelele. Ningependa kusema tulifanya hivyo kwa upendo. Lakini kesho yake mashuka mia mbili yalikuwa yanamsubiri, na kadi ilihitaji kupumzika.