Ukurasa wa Nane

Kucha za Njambi zilikuwa za pinki, na darasa zima la tatu lilikuwa limeshaona.

"Mwalimu! Njambi amepaka kateksi!"

"Anataka kuolewa!"

Wakacheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa na nguvu. Mwaka ule wa themanini na nne mvua ya masika haikuja, na watoto wengi walifika shuleni na chai ya rangi tu tumboni. Wengine walilala juu ya madawati kabla somo la kwanza halijaisha. Mwalimu Waceke alikuwa ameacha kuwaamsha.

Alimshika Njambi mkono akautazama. Rangi ilikuwa imeingia mpaka kwenye mikunjo ya vidole. Kila mtu Eldoret anaijua rangi hiyo. Ni dawa wanayopaka mbegu za mahindi kabla ya kuziuza, wadudu wasizile.

"Mlikuwa mnapanda?"

"Hapana, Mwalimu. Tulikuwa tunaosha."

Waceke aliukaza ule mkono. Wiki moja tu nyuma angeuachia. Yeye mwenyewe alikuwa akiamini, kama wanavyoamini majirani zake wote mtaani Munyaka, kwamba mbegu ikioshwa vizuri inalika. Kilichombadilisha ni kitabu.

Hedimasta Wanyonyi alikuwa amewaambia walimu kila mmoja apendekeze kitabu kimoja cha watoto wadogo. Alitaka vitabu vya mambo ya kweli, sungura na fisi wakae kando. Waceke alikwenda kwa Ibrahim, mwenye duka la vitabu karibu na soko, naye akamwazima kimoja kuhusu mbegu na chakula. Picha kubwa, maneno machache. Kwenye picha moja mama alikuwa ameinama juu ya karai, na chini yake kumeandikwa: Rangi huondoka kwa maji. Sumu hubaki ndani.

Alikipeleka kwenye mkutano. Aliyekipokea alikuwa Bwana Johnstone, mwenyekiti wa kamati ya shule na mwenyekiti wa chama tawala pale mjini. Alikifungua katikati, akasoma kwa sauti.

"'Wakati wa njaa watu wengine hula mbegu.' Njaa gani, Mwalimu?"

"Ni kitabu tu, Bwana Mwenyekiti."

"Nimekuuliza njaa gani. Mimi nakaa Elgon View, sijaiona. Hedimasta, wewe umeiona?"

Hedimasta alicheka kidogo, akiangalia viatu vyake.

"Huku kwetu Munyaka, watoto wanakuja shule hawaja..."

"Mwalimu Waceke," Hedimasta alisema haraka.

"Mwache aseme." Bwana Johnstone alifunga kitabu polepole. "Nyinyi watu mmekuja hapa juzi. Mmepewa mashamba, mmepewa kazi, mnakula. Sasa unawafundisha watoto kwamba serikali imeshindwa kuwalisha. Nani amekutuma?"

Hakuna mwalimu aliyeinua kichwa. Walikuwa wanamkumbuka mwenzao Stephen, aliyeulizwa swali hilo hilo mwaka uliopita, akachukuliwa na Landrova, na mpaka leo mke wake anazunguka ofisi za polisi na sahani ya chakula.

"Hakuna aliyenituma, Bwana Mwenyekiti."

"Vizuri." Akatoa kitabu chake mwenyewe, alichokiandika na kukichapisha, kimejaa picha zake akifungua daraja, akikabidhi ng'ombe, akisimama mbele ya ghala la mahindi. "Hiki nacho si hadithi. Ni mambo ya kweli. Na neno njaa nisilisikie katika darasa lolote."

Kila mzazi aliagizwa kukinunua. Kitabu cha Ibrahim kilirudi dukani.

Hiyo ndiyo sababu Waceke alikuwa amemshika Njambi mkono na hamwachii. Alifungua mdomo aseme, na hapo mlango ukazibwa na watu wawili. Hedimasta alikuwa amemleta Bwana Johnstone aone kitabu chake kikisomwa.

Njambi hakuwaona. "Mwalimu, mama anasema tukiosha mpaka maji yakuwe meupe, sumu imeisha. Ni ukweli?"



"Anauliza nini huyo?" Bwana Johnstone alitabasamu, ameegemea mlango.

Waceke aliuachia ule mkono mdogo.

"Anauliza ukurasa," alisema. "Fungueni ukurasa wa nane."

Watoto wakasoma kwa pamoja, kwa sauti ya kuimba: "Maghala yetu yamejaa. Hakuna anayelala njaa." Njambi alisoma na wenzake, kidole chake cha pinki kikifuata maneno.

Waceke alijiambia atamwita wakati wa mapumziko. Lakini mapumziko yenyewe hayakuwepo. Shule nzima ilipelekwa barabarani kumpungia mikono mgeni mkubwa kutoka Nairobi, watoto wadogo wakaachiliwa kutoka huko huko, na Njambi akapotelea katika lile vumbi na bendera za karatasi.

Jioni Waceke aliuliza mlango kwa mlango mpaka akaipata nyumba yao, chumba kimoja cha mabati. Nje palikuwa na karai. Maji yaliyokuwa ndani yalikuwa safi kabisa, unaweza kujiona.

"Karibu, Mwalimu," Mama Njambi alisema, akipangusa mikono. "Aki ungekuja mapema kidogo ungetukuta mezani. Mimi bado sijala, nilitaka huyu ashibe kwanza."

Njambi alikuwa ameketi akiegemea ukuta. Alisimama kumwamkia mwalimu wake, kama alivyofundishwa. Magoti yake yalikuwa yakitetemeka.

"Mama Njambi, mbebe. Twende hospitali sasa hivi."

"Kwa nini? Si nimeosha? Angalia maji, Mwalimu. Angalia!"

Njambi alikufa kabla jua halijachomoza. Daktari aliandika malaria.

"Lakini daktari, mtoto amekula mbegu," Waceke alisema.

"Mama, mimi nina watoto pia," daktari alijibu bila kuinua macho. "Mwaka huu hakuna mtu anakufa kwa mambo ya chakula."

Walimzika Kapseret, pembeni mwa kipande cha shamba la familia, ambamo zile mbegu zilinunuliwa zipandwe.

Baada ya mazishi Hedimasta alimwita Waceke ofisini. Shule nyingine zilitaka maoni ya mwalimu kuhusu kitabu cha Bwana Mwenyekiti. "Andika tu kwamba kinafaa watoto wadogo," alisema. Hakumwangalia usoni. Waceke aliandika.

Tangu siku hiyo, kila wanapofika ukurasa wa nane, Waceke husikia mtu kwenye dawati la tatu, lililokuwa la Njambi, akiuliza kwa sauti ndogo, kwa adabu: Ni ukweli, Mwalimu? Huwa hageuki. Hungoja watoto wamalize kuimba.

Kitabu cha Njambi hakikutupwa. Bwana Johnstone alisema ni haramu kuharibu mali, kipewe mwingine. Akapewa Kinyanjui, mtoto mgeni, mwembamba, aliyehamia juzi na hakuwa na cha kwake.

"Fungueni ukurasa wa nane," Waceke alisema.

Kurasa zilikuwa zimegandana. Kinyanjui alizigusa pale penye alama za vidole vya pinki, zikakataa. Akaweka kidole mdomoni, akakilamba vizuri, akajaribu tena.