Neno la Kazini

Nilimlaza mwanangu, nikarudi sebuleni nikasema, "Haya, nimempumzisha."

Mume wangu akaachia kikombe. Chai ilimmwagikia mapajani wala hakujali. Alishafika chumbani, kawasha taa, kaweka kiganja kifuani pa mtoto. Mtoto akaamka na kuangua kilio.

"Una wazimu?" nikamwuliza.

"Usirudie kusema hilo neno humu ndani."

"Neno gani? Kupumzisha?"

Wifi yangu, dada yake mkubwa aliyekuja kunisaidia kulea, alikuwa keshasimama mlangoni. Hakumpa kaka yake nafasi ya kupumua mpaka akatapika yote. Kwenye maabara ya chanjo anakofanya kazi, mume wangu hutunza sungura. Anawalisha, anaosha vizimba, anawashika wanapodungwa, na jaribio likiisha anawachoma sindano ya mwisho ili wapasuliwe waangaliwe ndani. Kule hakuna anayesema kuua. Wanasema kuwapumzisha.

Mimi nilijua analisha tu. Alikuwa akinihadithia yupi mlafi, yupi anapenda kukunwa masikio.

"Muuaji mkubwa!" wifi akasema. "Halafu kesho mnampeleka mtoto akachomwe hiyo laana? Mtanikanyaga kwanza."

"Surua ikimkamata, dada, utamtibu kwa mdomo huo?"

"Sungura wamekukosea nini?"

"Hawajanikosea kitu. Lakini chanjo lazima ijaribiwe kwa mwenye roho. Tuanze na nani? Na mwanangu? Au na wewe, maana afya unayo, hasa ya ulimi?"

"Afadhali mimi, ningeulizwa nikakataa! Hao nani kawauliza?"

Hapo mume wangu akanigeukia mimi kama vile mimi ndiye niliyeuliza.

"Usiniangalie," nikamwambia. "Mtoto atachanjwa. Ila wewe umenifanya mjinga ndani ya nyumba yangu."

Asubuhi tulikwenda kliniki watatu na mtoto, hakuna aliyemsalimu mwenzake. Wifi alisema anakuja kushuhudia dhambi.

Zamu yetu ilipofika, nesi akasema, "Mshikeni vizuri, asitikisike."

Mume wangu akamchukua mtoto. Mkono mmoja nyuma ya shingo, mwingine ukakusanya miguu yote miwili, tumbo akalibana kwenye mbavu zake. Kufumba na kufumbua. Mwanangu, anayepiga mateke hata usingizini, alinyamaza akatoa macho tu.

"Eh, baba, umezoea!" nesi akacheka.

"Amezoea sana!" wifi akapaza sauti. "Mwulizeni kazoea kwa nani!"

Akina mama wote kwenye benchi wakageuka. Nilimwona mume wangu akiangalia mikono yake mwenyewe. Nilitamani kumzaba kofi wifi, na papo hapo nilitamani kumpokonya mtoto mume wangu. Hilo la pili ndilo nililofanya.

"Nipe."

"Atatikisika, ataumia."

"Nimesema nipe mwanangu."

Sikujua kushika. Mtoto akanipiga teke, akapiga na trei ya nesi, pamba zikatawanyika sakafuni.

"Mama, kama huwezi mrudishie baba yake."

"Naweza."

Nikambana. Alinitazama usoni, macho yakiniuliza ninamfanya nini. Sindano ikaingia. Alilia mpaka sauti ikakatika, nami sikulegeza.

Nje, wifi alikuwa hajachoka. "Haya, umeridhika?"

"Sijaridhika. Nimemkinga mwanangu, na kuna viumbe wamekufa ili nimkinge. Ukimtukana kaka yako nitukane na mimi, wifi, kwa sababu mikono yangu nayo imo."

Mume wangu akaanza kutabasamu.

"Na wewe usinichekee! Leo ukifika, waulize wakubwa zako kama hakuna njia nyingine, na kama haipo, nani anaitafuta. Uliza kwa sauti, wasikie wote."

"Mimi ni mwosha vizimba tu. Wakinifukuza tutakula nini?"

"Tutakula maneno ya dada yako. Hayo hayaishi."

Wifi akafyonza. Mume wangu alimgusa mtoto shavuni kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayeomba ruhusa, kisha akashika njia ya kazini kwa mwendo wa mtu aliyebeba swali, mwendo ambao sijawahi kumwona nao.