Mjomba Hana Namba

Kampuni yangu ya ujenzi ni kubwa kwenye muhuri tu. Kwingine kote ni mafundi wachache, mashine moja ya kuchanganyia zege yenye kikohozi, na mimi. Hesabu nilizoea kuziweka kichwani, na risiti kwenye mfuko mtupu wa saruji, mpaka zabuni ya madarasa mawili ikanipita kwa sababu waliniomba vitabu vya hesabu nami nikawapelekea mfuko. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akasema, "Mume wangu, tafuta mhasibu kabla hawajakufunga."

Mhasibu akaja: binti mdogo, viatu vyeupe, na saiti imejaa tope. Nikamwambia viatu hivyo vitarudi na rangi ya kampuni.

"Bora virudi na mimi," akasema. "Haya, nionyeshe mali zako."

Akatoa vibandiko vyenye namba, akaanza kubandika: mashine, toroli, ngazi, hata ndoo. Mafundi wakafurahi kama watoto. Ndefu, mwashi wetu, akaomba kimoja cha paji la uso.

"Wewe hubandikwi, wewe utasaini," mhasibu akamwambia. Akafungua karatasi ya mishahara, aliyoiandaa kwa majina niliyompa mwenyewe, akaanza kuwaita mmoja mmoja.

Mjomba alikuwa amenawa mikono. Huyu ni kaka wa mama yangu; ndiye aliyenishikisha mwiko wakati bado napangusa kamasi kwa mkono wa shati, na mpaka leo mashine yetu haiendeshi mwingine. Alisimama mwisho wa foleni, kofia mkononi. Wakaitwa wote ila yeye. Mhasibu akafunga faili.

"Mjomba, vipi tena?" Ndefu akamtania. "Mbona hata toroli lina namba?"

Wakacheka. Mjomba naye akacheka, akavaa kofia yake. Kesho yake hakuja. Nilipompigia simu akasema ni mgongo. Sasa, mgongo ule umebeba saruji tangu mimi sijazaliwa, na haujawahi kuomba ruhusa. Wiki ikaisha hajatokea, akatuma mtu aje kuchukua nguo zake za kazi. Hapo nikaelewa kwamba harudi.

Nikamweleza mhasibu.

"Huyo mzee unamlipaje?" akauliza.

"Mkononi. Jioni ya malipo nampelekea nyumbani kwake, kwa mikono miwili. Mjomba wangu nitampangaje foleni na vibarua?"

"Kwa hiyo kwenye kampuni hayupo."

"Yupo. Ni mjomba."

"Huo ni udugu, bosi. Mimi nauliza kazi."

Nilidhani nimempandisha juu ya wote, kumbe nilimweka nje ya mlango na kumpitishia bahasha dirishani.

Tukaenda kwake. Tulimkuta kibarazani anakaza mguu wa kigoda. Mhasibu akamwamkia shikamoo, Mjomba akaitikia, kisha akamtazama miguuni.

"Ulikuja navyo vyeupe hivi vitu."

"Nilionywa, mjomba, sikusikia."

"Mgongo unaendeleaje?" nikauliza.

"Mgongo upo. Mimi ndiye sipo."

"Nimekosa, mjomba."

"Hujakosa. Umenilisha, umenivisha, sikudai kitu. Ila anayelishwa tu ni mgeni, mwanangu. Siku ile nilisimama pale na mikono yangu safi, nikajiona kama nimepita kuwasalimia." Akageuza kigoda, akakijaribu kwa kiganja. "Miaka yote hiyo. Kumbe nilikuwa nasalimia."

Mhasibu hakumpa pole. Alitoa kalamu.

"Mjomba, nikuandike kazi gani?"

"Msimamizi mkuu," nikadakia.

"Nyamaza wewe. Msimamizi ni huyu anayesimama tu," Mjomba akasema, akinionyesha kwa kidevu. Akafikiri kidogo. "Andika fundi."

Mhasibu akaandika. Mjomba akainuka kwenda ndani, akatoka na nguo zake za kazi zimepigwa pasi.

Siku ya malipo Ndefu, ambaye utani wake ulikuwa bado umemkaa kooni, alimpisha mbele. Mjomba akakataa.

"Mimi nimeajiriwa juzi, nitakupitaje mkongwe wa kampuni?"

Alipoitwa, aliitika kwa sauti ya mtoto wa shule. Akasaini polepole, kisha akaisoma ile karatasi akiwa ameinyoosha mbali na macho.

"Na hii iliyokatwa hapa?"

"Akiba yako ya uzeeni, mjomba."

"Uzee upi tena tunaousubiri?"

Safari hii yeye ndiye aliyeanza kucheka.

Jioni nilikuwa nafunga stoo aliponijia, akasimama kando yangu, kiganja wazi.

"Na ile hela ya sabuni?"

"Mjomba, si umeshalipwa?"

"Fundi kalipwa. Mjomba je?"

Nikatia mkono mfukoni, nikampa kwa mikono miwili, kama siku zote. Mhasibu alikuwa anapita na faili lake. Alipotuona akainama haraka kufunga kamba za viatu vyake, viatu vyenye rangi ya saruji sasa, na ambavyo tangu dukani havikuwahi kuwa na kamba.