Tonge Nyuma ya Sikio

Wipana alisema hana, nasi tukamwamini. Kwetu watu hunyimana petroli, hunyimana hata blanketi, lakini mingkulpa, tumbaku ya miambani, haiombwi mara mbili. Tena na shangazi yako!

Tulikuwa tumekaa mchangani kando ya kiwanja, tukingoja ndege ndogo ya kumpeleka Shangazi Tjulkiwa mjini, kwenye mashine ya figo. Wengi waendao huko hurudishwa kuzikwa. Yeye mwenyewe alilijua hilo, na alikuwa na ombi moja tu.

"Nipeni ya kwetu nikatafune huko juu. Ile ya dukani inaniwasha ulimi bure."

Mvua ilikuwa imetususa mwaka mzima, na majani ya mingkulpa yamekauka kila mahali. Wipana peke yake ndiye aliyepanda mpaka kwenye mapango ya juu kuitafuta, jana yake.

"Nimekuta mavi ya kangaruu tu, Shangazi," alisema.

"Loo! Siku hizi hata kangaruu wanatafuna?" akadakia Makinti.

Tulicheka sote. Wipana alicheka kutushinda, huku akiivuta kofia yake ya sufu ifunike masikio. Na jua lile! Sijui akili zetu zilikuwa wapi.

Basi Makinti akatoa tonge lake la mingkulpa mdomoni, la tangu asubuhi, akampa Shangazi lote. Shangazi akalifinyanga upya kwa jivu jeupe la magome, akalionja, akafumba macho.

"Limechoka kama mimi. Lakini ni la kwetu."

Kisha akalikata katikati.

"Wipana, mwanangu, njoo. Umejichosha kunipandia mlima, ukarudi mikono mitupu. Utaendesha gari mpaka nyumbani mdomo mkavu?"

"Hapana, Shangazi. Kaa nalo tu."

"Nani kakuuliza? Lete sikio hapa."

Wipana akarudi nyuma kidogo, lakini shangazi yako akikuita utakimbilia wapi? Akainamisha kichwa. Shangazi akaifunua ile kofia ili amwekee tonge nyuma ya sikio, kama tunavyowekeana, na mkono wake ukasimama.

Lilikuwapo jingine. Bichi, nene kama kidole gumba, jivu lake bado jeupe.

Niliona aibu hata mimi, nikatazama miguu yangu. Shangazi hakulichukua. Alilibandika lake kando ya lile, akaishusha kofia taratibu, akampigapiga shavuni.

"Haya. Sasa hutapungukiwa."

Ndege ilipotua, Wipana alimkimbilia akilia, lile bichi kiganjani. "Shangazi, chukua! Chukua lote!"

"Ninalo langu, mwanangu," alijibu Shangazi, akapanda.

Tulirudi kwenye gari. Wipana aliketi kwenye usukani, kiganja wazi juu ya goti, tonge bado limo, akingoja aombwe. Makinti alikuwa ubavuni pake, mdomo mtupu. Naye hakumwomba.