Kifua, Kifua, Kifua

Mimi ni fundi cherehani. Kutwa utepe uko shingoni, napima wanawake: kifua, kiuno, nyonga. Ndiyo maana siku mdogo wangu aliponishika mkono akauweka kwenye titi lake, nikagusa kinundu kama kifungo cha shati, nilimpa neno langu la kazini.

"Pale dirishani kliniki foleni nzima inasikia," nikamwambia. "We sema kifua tu, wataelewa."

Wakaelewa kikohozi. Karani akaandika "kifua", daktari akamwambia akohoe, na yeye kwa haya zake akakohoa. Alienda mara tatu. Kwangu alisema amepewa dawa, nami nilivyobanwa na sare za shule sikuuliza dawa gani.

Wiki iliyopita nilizikuta chupa tatu za dawa ya kikohozi nyuma ya kabati lake. Nikagusa tena: kifungo cha shati kimekuwa cha koti. Hasira zilinipanda. Nilimkasirikia karani, nikamkasirikia daktari asiyegusa mtu, lakini aliyenichefua zaidi ni mimi mwenyewe.

Kesho yake nilimshika mkono hadi dirishani.

"Shida?" karani akauliza, macho kwenye daftari.

"Titi. Mdogo wangu ana kinundu kwenye titi."

"Dada, taratibu. Kuna watu."

"Hao watu nao wana matiti. Andika ti, halafu andika ti nyingine."

Nyuma yangu mama mmoja mtu mzima alitoa kadi yake mkobani, akaipitisha juu ya bega langu.

"Na yangu irekebishe, mwanangu," akamwambia karani. "Mimi pia sikohoi."

Nesi alimpima mdogo wangu, akaandika barua ya hospitali kubwa, tuende siku hiyohiyo.

"Mngekuja mapema," akasema.

"Tulikuja mara tatu," nikamjibu. Akaisoma kadi, akaongeza neno "haraka" juu ya barua.

Majibu bado tunayasubiri. Mdogo wangu halali, nami hasira sijazimeza wala sina mpango huo. Mteja akiingia, nashika utepe na kumwambia kabla hajakaa: kifua nitakupima mimi, titi umepimwa lini? Akianza kuinamisha uso, nakikunja kitambaa chake na kumrudishia. Gauni litasubiri mpaka atoke kliniki.