Mutale Apewa Tuzo

Jumapili ya tuzo za filamu za mwaka, Ngalula alitoroka kambi ya wakimbizi akiwa amevaa kitenge chake cha misa, akaingia Élisabethville kwa miguu. Kila njia panda alifunga kilemba upya. Katanga ilikuwa imejitangaza nchi peke yake, na watu wenye asili ya Kasai, yeye mmojawapo, walikuwa wamefukuzwa majumbani na vijana wenye marungu. Nyumba yake ya matofali ilibaki mtaani Katuba. Lakini mshindi wa tuzo husindikizwa kwake kwa ngoma, na aliyesindikizwa hivyo hakuna athubutuye kumtoa mlangoni. Hicho ndicho kilichomnyima utulivu: si kombe, nyumba.

“Mwigizaji bora wa kike,” alitangaza mkubwa wa sherehe, “Mutale!”

Waamuzi wa tuzo, mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, kazi nzuri waliijua. Mutale ni mke wa mchimba shaba ndani ya filamu; aliyemwigiza ni Ngalula. Ila mjini pale mwigizaji aliitwa jina la kwenye filamu, na tuzo ilitolewa kwa jina hilohilo.

Ngalula alijipenyeza hadi mlango wa ukumbi wa sinema. “Ni miye,” alimwambia Anaclet, bawabu.

“Weye uko Ngalula, wa Kasai. Banaita Mutale.”

Mutale akashuka kutoka kwenye kitambaa cha sinema, rangi yake ya kijivu vilevile alivyopigwa picha, akikanyaga ngazi taratibu kwa sababu ya viatu virefu. Akapokea kombe, akashukuru. Julienne, jirani wa Ngalula, alimtandikia kitenge apite juu yake.

Ngoma zikaelekea Katuba. Ngalula akafuata, mara nyuma, mara pembeni, roho ikimuuma, maana hata mwendo ule ulikuwa wake. Mutale akafungua mlango, akawasha taa. Majirani wakamletea kuku na unga wa kusongea bukari.

Walipotawanyika, Ngalula akabisha hodi.

“Unatafuta nani, mama?” Mutale aliuliza kwa upole.

“Hii nyumba ni yangu.”

“Minajua. Lakini ni miye banasindikiza.”

Julienne alichungulia kutoka uani kwake. “Yaya Ngalula, mukubwa wangu, rudia ku kambi. Bale vijana beko njiani.”

Ngalula alifungua kilemba, akakifunga upya.

“Basi unipe sufuria,” akasema. “Batoto ku kambi habayakula.”

Mutale akaingia ndani, akarudi na sufuria, akiwa amempimia na unga kidogo. Ngalula akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na Mutale akafunga mlango.